Vikwembe, sanduku na blanketi ya vipande: historia ya wamama wa Lubumbashi

Watu wa Kinshasa hawatuamini tukiwaambia kwamba huku kwetu kuna baridi. Lakini Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba, usiku, mtu anatafuta kitu kizito cha kujifunika. Katika nyumba kadhaa za Kenya, Katuba, Kamalondo na Ruashi, chini ya blanketi ya dukani kuna nyingine iliyoshonwa nyumbani kwa mabaki ya vikwembe. Wengine wanaiita kuvreli, wengine blanketi ya vipande, na wengine wanasema tu "ile ya nkambo".

Ndugu msomaji, mama anayeshona blanketi ya namna hii si fundi wa nguo. Fundi anapima mteja, anakata, anashona, anapokea franka zake. Huyu mama anakusanya. Ananunua kikwembe asichokihitaji, anakikunja, anakitia katika sanduku ya chuma, anafunga kufuli. Kwa fundi anaomba arudishiwe mabaki yake, hata yale madogo kama kiganja. Bwana anauliza, "Hivi vyote vya nini?" Jibu halipatikani siku hiyo. Linapatikana miaka ishirini baadaye, na mara nyingi bwana mwenyewe hayupo tena wa kulisikia. Jibu hilo ndilo historia ninayotaka kuieleza hapa, na inaanza zamani kuliko mji wetu wenyewe, uliozaliwa mwaka 1910.

Kabla ya pamba kufika kwa wingi, mababu wa sehemu kubwa ya nchi hii walivaa rafia. Wenye kujulikana zaidi ulimwenguni kwa kazi hiyo ni Wakuba wa Kasai, upande wa Mweka. Kwao wanaume ndio wanaofuma. Uzi wa rafia ni jani la mti wa rafia lililopasuliwa, kwa hiyo haupiti urefu wa jani, na kitambaa kinachotoka kwenye kitanda cha kufumia kinakuwa kifupi. Ukitaka sketi ya mwanamke wa heshima, ile inayozungushwa kiunoni mara nyingi na kufika mita 6 au zaidi, ni lazima kuunganisha vipande vingi. Hapo wanawake wanaingia na sindano.

Kuna jambo moja katika kazi yao ambalo linanipendeza kuliko yote. Rafia mpya ni ngumu, inakwaruza. Ili iwe laini wanaitwanga katika kinu. Kutwanga kunaleta matundu, na matundu yanahitaji viraka. Wataalamu waliochunguza sketi hizo wanaeleza kwamba viraka vilianza kama dawa ya tundu, kisha vikawa pambo: fundi anabandika kiraka hapa kwa sababu kuna tundu, anabandika kingine pale pasipo na tundu ili vilingane, na mwishoni hakuna anayejua kipi ni kipi. Mwamerika mweusi mmoja, mhubiri William Sheppard, alifika kwa mfalme wa Wakuba mwaka 1892 na kurudi kwao na vitambaa hivyo. Baadaye mchoraji Matisse wa Ufaransa alivitundika kwenye ukuta wa nyumba yake. Sisi wenyewe tuliviita vitambaa vya matanga, maana Mkuba anazikwa navyo. Tuliozaliwa karibu na mgodi tulichelewa kidogo kuviita sanaa.

Huku Katanga vitambaa vya mbali vilikuja kwa miguu. Wakati wa M'siri, mfalme wa Garenganze, Bunkeya ilikuwa soko kubwa. Misafara iliingia toka mashariki, njia ya Unyamwezi na Zanzibar, na toka magharibi, njia ya Benguela. Walichukua shaba, pembe za ndovu na, tuseme ukweli, watumwa. Walileta bunduki, ushanga na vitambaa. Kiswahili chetu nacho kina mizizi katika misafara ile ya mashariki, pamoja na majina ya nguo: kaniki, ile nyeusi-buluu, na merikani, ile nyeupe isiyopaushwa. Merikani ilipata jina lake kwa sababu ilitoka kwa wafanyabiashara wa Salem, huko Massachusetts. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia mwaka 1861, vilikata biashara hiyo, viwanda vya Uingereza na vya India vikachukua nafasi, lakini jina halikubadilika. Nawakumbusha hilo wanaocheka mama anaponunua "Hollande" iliyochapwa China. Si mara ya kwanza jina la nchi kubaki kwenye nguo na nchi yenyewe kuondoka.

Na huko pwani, mwisho wa karne ya 19, wanawake wa Zanzibar na Mombasa walifanya jambo ambalo kila mwenye sanduku atalielewa. Wareno walikuwa wameleta vitambaa vya mkono, leso. Vilikuja katika mkanda mrefu, kimoja baada ya kingine, tayari kukatwa. Wamama wakakataa kukata kimoja kimoja. Walinunua sita pamoja, wakagawa mara mbili, tatu na tatu, wakashona pande hizo mbili kuwa nguo moja kubwa ya kujifunga. Wenye maduka waliona, wakaanza kuagiza nguo iliyochapwa tayari kwa ukubwa huo. Hivyo ndivyo kanga ilivyozaliwa: wateja walitangulia na sindano, kiwanda kikafuata nyuma.

M'siri aliuawa tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 1891, na yaliyofuata tunayajua. Reli toka Rhodesia ilifika hapa mwaka 1910, tanuru ya Lubumbashi ikayeyusha shaba ya kwanza mwaka 1911, na Union Minière ikaanza kutafuta mikono. Mwanzoni ilitaka wanaume peke yao, wa miezi michache. Walikufa wengi, walitoroka wengi. Kuanzia miaka ya 1927 na 1928 kampuni ikageuza siasa yake: mtu aje na bibi yake, apewe nyumba kambini, azae huko, watoto wasome huko. Reli ya BCK ilifika Ilebo mwaka 1928, na watu wa Kasai na Lomami wakashuka nayo kwa wingi. Ndiyo sababu kambi moja ya Union Minière iliweza kuwa na sindano za makabila kumi katika mstari mmoja wa nyumba.

Kampuni haikuacha wanawake wakae bure. Kulikuwa na ouvroir, nyumba ya kushonea, na baadaye Foyer Social, ambako masista na wanawake wa kizungu walifundisha kupika, kuosha mtoto, kufuma sweta, kutia kiraka, kushona nguo za mtoto mchanga. Lengo halikufichwa: bibi mzuri wa nyumbani angemtuliza mfanyakazi, na mfanyakazi aliyetulia angekaa mgodini. Walimu wetu wa historia wanapenda kusema kwamba huo ulikuwa ukoloni wa jikoni. Nakubali. Lakini nikizungumza na wamama waliopita Foyer Social, hata wa wakati wa Gécamines, wanakumbuka kwanza kitu kingine: asubuhi nzima mbali na nyumba, kati ya wanawake wenzao, mikono ikifanya kazi na midomo pia. Mafunzo yalikuwa ya bwana mkubwa, na mazungumzo yalikuwa yao.

Mashini ya Singer ikawa alama ya nyumba iliyoendelea, pamoja na kinga na gramafoni. Vitambaa vilipatikana madukani mwa Wagiriki na mwa Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, waliokuwa wengi katika biashara ya Elisabethville. Viwanda vya nchi vilikuja: Utexléo huko Léopoldville, Filtisaf huko Albertville, Kalemie ya leo. Na juu ya vyote ilikaa waksi ya Uholanzi.

Waksi nayo ina safari yake. Waholanzi walitaka kuiga batiki ya Java kwa mashini ili wawauzie watu wa Java kwa bei ndogo. Mashini iliacha mipasuko na madoa ya rangi, na wanunuzi wa Java hawakuipenda sana. Afrika ya Magharibi iliipenda, na mwisho wa karne ya 19 biashara ilikuwa imeshika njia hiyo. Vlisco ya Helmond, iliyoanzishwa mwaka 1846, inatoa namba tu kwa kila mchoro. Majina yanatoka kwa wanawake wa soko. Hapo ndipo tulipata "Mon mari est capable", "L'œil de ma rivale", na ile ya ndege anayetoka tunduni, ambayo inamwambia bwana kwamba akitoka, bibi naye anatoka. Mwanamke aliweza kuvuka kiwanja amenyamaza na kila mtu akajua ugomvi umefika wapi.

Pièce moja ni yadi 6, kama mita 5 na nusu, yaani vikwembe vitatu: kimoja cha blauzi, kimoja cha kujifunga, kimoja cha juu au cha kubebea mtoto. Anayeshona blanketi anahesabu hivyo hivyo. Blauzi yenye mikono mikubwa inakula sana na kuacha kidogo. Mtindo unapokuwa wa kubana, mabaki yanaongezeka. Unaweza kusoma mabadiliko ya mitindo katika blanketi kama unavyosoma pete za mti.

Mwaka 1972 Mobutu alileta authenticité. Wanaume abacost, wanawake kikwembe. Suruali na wigi marufuku kwa wanawake. Kile kilichokuwa chaguo kikawa amri, na soko ya vikwembe ikapanuka. Vikatoka vya MPR vyenye uso wa Rais, vya sherehe, vya parokia. Mwenye kuweka aliweka zaidi.

Sasa tunafika mahali ambapo sanduku inajieleza yenyewe. Mwezi wa 12 mwaka 1979, siku za Noeli, serikali ilitangaza kwamba noti za zaïre 5 na 10 hazina thamani tena, na kila mtu angeweza kubadilisha kiasi kidogo tu. Waliokuwa wameficha akiba nyumbani waliamka na karatasi. Mama aliyekuwa ameficha waksi aliamka na waksi. Mwaka 1993 ilikuja nouveau zaïre, moja kwa 3,000,000 za zamani, na mwaka 1998 franka ya Congo, moja kwa 100,000 za nouveau zaïre. Hesabu sufuri zilizofutwa katika miaka hiyo mitano peke yake, kisha urudi kumuuliza nkambo wako kwa nini hakuipenda banki. Kikwembe kizuri hakikuoza, hakikuhitaji saini ya mtu, na kilikuwa chake mwenyewe. Ndugu za marehemu wangeweza kuja kudai kiti, redio na nyumba. Kugusa nguo za mjane ilikuwa aibu hata kwa wasio na aibu.

Miaka ya 1990 sanduku zilifunguliwa. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, mshahara wa Gécamines ukawa wa kungojea miezi na miezi, na vikwembe vikaanza kutoka, kimoja kwa gunia ya unga wa mahindi, kimoja kwa karo ya shule, kimoja kwa dawa. Mpaka wakati wa départs volontaires, mwaka 2003 na 2004, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoacha kazi kwa malipo ya mara moja, nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kuuza vyote vilivyokuwa vizima. Kilichobaki ni kile ambacho hakuna mnunuzi: vipande.

Nkambo wangu, mama yake mama, aliishi Likasi, katika kambi ya Panda, jirani na mama mmoja wa Kasai. Nkambo alikuwa mtu wa Sakania. Alishona kwa mashini, mistari ya moja kwa moja, kama alivyofundishwa Foyer Social. Jirani yake hakuamini mashini kwa kazi ya vipande. Alitumia mkono, na alibandika kiraka hata pale pasipo na tundu, ili vilingane. Tulipokuwa wadogo hatukujua kwamba hiyo ilikuwa elimu ya zamani sana. Tuliona tu wanawake wawili wanabishana juu ya uzi.

Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Wasomaji wa umri wangu walikuwa wachanga, wale wakubwa wanajua na wengi hawapendi kusema. Maelfu walilala katika stesheni, siku na wiki, wakingoja treni. Walikufa watoto huko. Jirani yetu aliondoka na kile alichoweza kubeba kichwani, na vikwembe vyake vizima vilikuwa katika mzigo huo. Mfuko wake wa vipande alimwachia nkambo, akasema ataurudia. Hivyo ndivyo mama yangu anavyonieleza, na kila mara anaeleza kwa maneno yaleyale, bila kuongeza.

Blanketi kubwa ya nkambo ilimalizika Lubumbashi, baada ya familia kuhamia Katuba. Katikati yake iko blanketi ya zamani ya kazi, kijivu, imechoka kabisa. Juu vipande, chini pazia. Kwenye kona moja kuna kofia ya chui. Kofia peke yake, bila kichwa. Askari wa AFDL walipoingia Lubumbashi mwezi wa nne mwaka 1997, hakuna aliyetaka kukutwa na uso wa Mobutu nyumbani, lakini kitambaa kilikuwa kizuri na nkambo hakuwa mtu wa kutupa kitambaa. Alikata chini ya kofia. Karibu na hapo kuna kipande cha Anuarite, kile cha mwaka 1985, na kando yake waksi ya ndege wa kutoka. Nani mwingine angewaweka hao watatu pamoja?

Kazi hii si yetu peke yetu, na ni vizuri kujua hivyo. Huko India, katika jimbo la Karnataka, wako Wasiddi, wazao wa Waafrika waliopelekwa ng'ambo kama watumwa na askari. Wanawake wao wanashona blanketi za nguo kuukuu zinazoitwa kawandi. Wanaanza ukingoni na kuzunguka kwa mkono kuelekea katikati, na katika kila kona wanaweka vipande vidogo vilivyokunjwa, phula, yaani maua. Huko Alabama, Marekani, wanawake weusi wa Gee's Bend walishona zao kwa suruali za kazi za shambani ili kuzuia baridi ya vibanda vyao. Mwaka 2002 zilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikazitia kwenye timbri. Wako wanaosema kwamba mishono hiyo yote ilitoka Kongo na Kasai. Mimi ninaogopa kukimbia hivyo. Baridi na umaskini vinaweza kufundisha mambo yaleyale mahali pawili bila kupeleka barua. Ila nikiona viraka visivyo na tundu, nasimama kidogo.

Hapa kwetu Chuo Kikuu kilianza mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, pamoja na profesa Dibwe dia Mwembu na profesa Jewsiewicki, na mwaka 2002 kikatoka kitabu juu ya wanawake, mitindo na muziki wa mji huu. Ni kazi kubwa. Lakini vitambaa vyenyewe bado viko katika sanduku, na sanduku zinafunguliwa siku za msiba. Wamama wenye kujua jina la kila mchoro wanaondoka mmoja mmoja. Utexafrica, mrithi wa Utexléo, ilisimamisha viwanda vyake mwaka 2007, na Filtisaf ilikuwa imefungwa kabla. Katika soko ya Kenya vikwembe vingi vya leo vinatoka China, vinapita Dar es Salaam, Zambia na Kasumbalesa, na vinabadilika haraka kiasi kwamba mchoro hauna muda wa kupewa jina. Sisemi ni vibaya. Binti wa leo anapata kikwembe kwa franka ambazo mama yake asingeweza kuota. Lakini rangi ikimwagika maji ya kwanza, fundi wa blanketi analia: kipande kimoja kinachotoa rangi kinaharibu mia moja jirani zake. Ndiyo maana wazoefu wanaosha kila kipande na chumvi kabla ya kukikata, na wanakaa wakiangalia maji.

Nkambo alipofariki, shangazi na mama zangu wakubwa waligawa sanduku yake asubuhi moja. Vikwembe vizima vilikuwa kumi na vinne, na kelele hazikukosa. Blanketi haikuhesabiwa kuwa mali, ndiyo sababu ilinifikia mimi mjukuu. Mfuko wa vipande wa jirani wa Panda hakuna aliyethubutu kuugawa wala kuukata. Uko Katuba, kwa mama mkubwa, chini ya kitanda, umefungwa na kamba ileile aliyoifunga mwenyewe.